Kibati cha Spesiosa na Saa ya Castory

Alhamisi moja ya mwezi Machi, madereva wa njia ya milimani walipanga mabenchi mawili kwenye kivuli cha ghala la dagaa pale Kibirizi, kando ya ziwa, wakamwita Spesiosa aje aeleze kwa nini aliharibu saa ya mume wake.

Hawakuuliza kama aliiharibu. Waliuliza kwa nini. Hapo unajua tayari benchi limeelemea wapi.

Saa yenyewe haikuwa ya kusoma wakati. Ilikuwa kidude cha duara, kikubwa kama mfuniko wa chupa ya chai, kinachobandikwa kwenye dashibodi ya gari. Ndani yake mna mafuta meupe, gololi nyeusi, na namba zilizopangwa kushoto na kulia kwa sifuri. Gari likiinama, gololi inakwenda upande ulioinama, na dereva anajua amelala kiasi gani kabla hajalala moja kwa moja. Castory alikuwa nayo kwenye Land Cruiser yake. Na pamoja na kuwa nayo, wiki mbili kabla ya siku ile alililaza gari ubavu kwenye kona moja baada ya kijiji cha Chankele, likiwa na magunia ya dagaa na abiria tisa. Hakufa mtu. Dismasi, mchuuzi wa sabuni, alivunjika mfupa wa bega. Dagaa wakaanikwa mara ya pili, safari hii barabarani.

Castory alisema saa ilidanganya kwa sababu Spesiosa aliichezea. Alimwona kwa macho yake ndani ya gari, bisibisi mkononi, siku moja kabla ya ajali.

Kama madereva wangeliamini hilo, Spesiosa asingekanyaga tena stendi ya Kibirizi, na hakuna dereva wa milimani angempakia. Bega la Dismasi lingepelekwa polisi likiwa limeandikwa jina la Spesiosa. Na Spesiosa hakuwa na kazi nyingine duniani isipokuwa hiyo ya kukaa kwenye gari na kusema limelala kiasi gani.

Ni kazi ya ajabu kidogo, kwa hiyo inabidi ielezwe ilivyompata.

Spesiosa ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Kalinzi, kwenye kahawa. Shule hakuiona, kwa sababu kahawa ilihitaji mchumaji na wadogo zake wa kiume walihitaji ada. Mmoja wao leo ni mwalimu. Akija likizo humkumbusha dada yake kwamba elimu ni kitu muhimu sana.

Aliolewa na Castory kanisani, mbele ya watu. Castory wakati huo alikuwa anaendesha gari la mtu. Baba yake Spesiosa alipofariki alimwachia binti yake shamba la michikichi, na Spesiosa akaliuza ili wanunue Land Cruiser ya pikapu, kuukuu lakini nzima. Ofisini karani aliuliza ni nani anayejua kutia sahihi. Spesiosa anatia dole gumba. Kadi ya gari ikaandikwa Castory, na Castory mwenyewe alimshika mkono mkewe wakitoka, akamwambia, "Usijali, ni karatasi tu."

Njia waliyoishika inatoka Kibirizi, inapita Mwandiga, inapanda kwenda vijiji vya milimani kaskazini. Ukienda, mlima uko kulia kwako na bonde liko kushoto, na chini kabisa ya bonde ni ziwa, linang'aa kama halina habari na mtu. Mvua za masika hula barabara upande wa bondeni. Kwa hiyo gari likienda hulalia kushoto, na anayekaa kushoto ni mke wa dereva. Spesiosa alikaa hapo miaka kumi na sita. Wanawake wengine wanajua tabia za waume zao kwa kuwaangalia usoni. Yeye alizijua kwa kuangalia chini kupitia dirishani, aone kama kuna barabara.

Mwanzoni alikuwa anasema tu, "Baba Frida, tunalala." Castory anasema, "Hatulali." Hapo hapakuwa na wa kuamua. Ndipo Spesiosa akatengeneza kibati.

Alichukua kipande cha bati la debe la mafuta ya kupikia, akakifunga kwa skrubu kwenye dashibodi upande wake. Juu ya bati akafunga chupa bapa, ile ya pombe kali ambayo wanaume huificha mfukoni mwa koti. Ndani ya chupa alining'iniza chubwi, risasi ndogo ya kuzamishia wavu, kwa kipande cha mshipi wa kuvulia. Gari likiinama chubwi linabaki limening'inia wima, na bati nyuma yake ndilo linalohama. Ila barabara ilipokuwa mbovu chubwi lilicheza kama mtoto aliyekunywa soda, likawa halisomeki. Spesiosa akaijaza chupa mafuta ili litulie. Mafuta aliyokuwa nayo yalikuwa mawese.

Yalifanya kazi vizuri wiki nzima. Jumapili walilala Kalinzi kwa kina Spesiosa, wakaondoka alfajiri kabla jua halijatoka, na Kalinzi alfajiri ni baridi. Mawese yalikuwa yameganda, na chubwi limeganda humo humo. Safari nzima ya kuteremka kibati kilisema gari limekaa sawasawa kabisa, hata pale ambapo mzee mmoja wa Mwandiga alimwangukia Spesiosa mapajani na kuomba radhi. Kesho yake Spesiosa alikwenda Ujiji dukani, akanunua glisirini, ile ya kupaka miguu iliyopasuka. Hiyo haigandi. Muuzaji alimwangalia miguu, akampa chupa mbili.

Alama alizitoboa kwa msumari, akazipaka rangi nyekundu ya kucha ya binti yake Frida. Hakuzitoboa kwa kukisia. Kwenye kila kona alishuka, akatembea kwa miguu kando ya gari huku Castory akiendesha polepole, akawa anaangalia tairi za upande wa mlima. Tairi lenye mzigo lina tumbo, linatanuka pale linapogusa ardhi. Gari likianza kulala, tumbo la tairi la juu linapungua. Lilipopungua nusu alipiga kelele, Castory akasimama, Spesiosa akapanda, akatoboa tundu mahali chubwi lilipo. Hilo lilikuwa tundu la kwanza, na jina lake ni "Tulieni". Tumbo lilipoisha kabisa alitoboa la pili, "Shukeni". Tundu la tatu alilitoboa mbele kidogo ya la pili, na hilo hakulipa jina, maana hakutarajia kupata nafasi ya kuliita.

Tena mistari ya matundu ilikuwa miwili. Wa juu ni wa siku ya dagaa, kwa sababu magunia ya dagaa ni mepesi lakini yanapangwa kwenda juu, na gari lenye mzigo wa juu linalala upesi. Wa chini ni wa siku ya mawese, maana madumu yanakaa chini na gari linavumilia zaidi. Hayo yote yalitoka kwa mtu anayetia dole gumba.

Basi ikawa ndiyo desturi ya gari lile. Spesiosa akiita "Tulieni", abiria wa juu ya mzigo wanasogea upande wa mlima. Akiita "Shukeni", wote wanashuka na kutembea mpaka kona iishe, na wanaume wawili wazito wanasimama kwenye bampa la nyuma, pembeni kabisa upande wa mlima, ili uzito wao ulizuie gari lisilale. Abiria walinung'unika. Wapo waliomwita Mama Shukeni. Lakini kwa miaka kumi na mitatu gari halikulala, na jambo ambalo halikutokea halina shahidi.

Kisha Castory akampata Yunisi, msichana wa miaka ishirini na sita anayeuza vitenge sokoni Mwanga. Hatutaeleza sana hapo. Yanafanana kila mahali. Ilikuwa Desemba. Castory aliagiza ile saa Dar es Salaam, ikaletwa na basi kwenye boksi lenye picha ya mzungu anayecheka. Aliibandika mwenyewe, uwanjani hapo Kibirizi, akairekebisha mpaka gololi ikakaa kwenye sifuri. Kisha akamwambia Spesiosa kwamba kiti cha kushoto kina mtu.

"Hii haipigi kelele," alisema akiigonga saa kwa ukucha. "Abiria wamechoka kutembea kama mbuzi wa mnada. Anayetaka kutembea hanilipi nauli mimi."

"Na mimi niende wapi?"

"Mama Frida, wewe ni mtu mzima."

Hilo ndilo jibu alilopewa. Alilichukua akaenda nalo Ujiji, kwa dereva mmoja anayeitwa Hamdani, mtu wa swala tano na maneno machache, mwenye gari kama la Castory. Hamdani alimuuliza jambo moja tu: kama ataweza kutengeneza kibati kingine. Alitengeneza kwa siku nne. Miezi mitatu wakapanda na kushuka milima bila neno, na abiria wa Hamdani nao wakajifunza kunung'unika.

Kile kibati cha kwanza kilibaki kwenye gari la Castory. Hakikuwa na faida kwa Hamdani, maana alama za gari moja haziingii kwenye gari jingine, na Spesiosa alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini siku moja alipita kando ya gari la Castory hapo stendi, akachungulia, akaona kwenye skrubu ya kibati chake pametundikwa mkoba wa Yunisi. Akaazima bisibisi. Akaingia, akautoa mkoba, akauweka kwenye kiti vizuri, akafungua kibati chake na kuondoka nacho. Castory alimwona akitoka. Siku iliyofuata ndiyo gari lililala.

Sasa turudi kwenye mabenchi.

Mwenyekiti wa madereva alikuwa Mzee Selestini, aliyeendesha malori mpaka macho yakakataa. Alikaa katikati, fimbo magotini. Kushoto kwake alikaa Dismasi na mkono wake umefungwa shingoni kwa khanga. Castory alisimama, kwa sababu aliyelalamika husimama. Yunisi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Land Cruiser, ubavu mmoja umebonyea kama sufuria, ilikuwa imeegeshwa mbele yao, pua kaskazini na ziwa kushoto kwake, kama Castory alivyozoea kuiweka.

"Mwakeye, mama," alisema Mzee Selestini kwa Kiha.

"Mwakeye. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Baba Frida, sema."

Castory alisema. Alikuwa na sauti nzuri. Ndiyo iliyomfikisha alipofika. Alieleza kwamba muuzaji wa saa alimwambia gari likifika ishirini na tano aogope. Yeye, kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alijiwekea mwisho wa ishirini, ili zile tano ziwe akiba. Siku ile gololi ilisoma ishirini. Alikuwa anaiangalia. Ilisoma ishirini, na gari likalala. "Sasa wazee, saa ya kiwandani inaweza kudanganya yenyewe? Imechezewa. Na nimeeleza nilimwona nani."

"Dismasi," alisema Mzee, "wewe uliiona saa?"

"Mimi nilikuwa juu ya magunia, Mzee. Saa sikuiona. Niliona majani, kisha nikaona anga, kisha nikaona majani tena."

"Kulikuwa na mtu aliyesema mshuke?"

"Hapana. Tulifurahi sana."

Watu wakacheka. Mzee Selestini akagonga fimbo.

"Mama Frida. Bisibisi ilikuwa ya nini?"

"Ya kufungulia kibati changu."

"Kilikuwa hapo miezi mitatu. Mbona siku ile?"

"Kilikuwa kimetundikwa mkoba."

"Wivu huo!" Castory alidakia. "Mmesikia wenyewe. Wazee, tangu nitoke kwake mwanamke huyu halali usingizi."

"Nalala vizuri sana," Spesiosa alisema. "Hakuna anayekoroma."

Hapo kicheko kilichukua muda, na dereva mmoja alilazimika kuondoka kwenye benchi akacheke pembeni. Lakini kucheka si kuamini. Spesiosa aliziangalia nyuso zao kilipoisha. Zilikuwa za watu waliofurahia mchezo na ambao bado wangempiga marufuku stendi kabla ya chakula cha mchana. Hamdani peke yake hakucheka, lakini Hamdani hachekagi.

"Mzee, naomba kumuuliza swali huyu binti."

Yunisi akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Uliza," Mzee alisema.

"Yunisi. Mkiwa njiani, mahali barabara imekaa sawa, kama pale Mwandiga kwenye lami. Gololi ilikuwa inakaa wapi?"

Yunisi alimwangalia Castory. Castory alikuwa anaangalia gari. "Ilikuwa inakaa upande wa dereva, Mama Frida. Kwenye tano."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi nilimuuliza, nikasema mbona iko pembeni na hapa ni sawa. Casto akaniambia ni uzito wake. Ni kwa sababu yeye ni mnene."

Safari hii hata Hamdani aliinamisha uso.

"Tangu lini ilikuwa hivyo?" aliuliza Mzee Selestini, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo.

"Tangu mwanzo. Tangu Desemba. Na tukirudi ndiyo ilikuwa inatisha, inakimbilia huko kwa dereva kwenye namba kubwa mpaka mimi nafumba macho. Casto akasema kurudi tusiiangalie. Ila tukiwa hapa uwanjani asubuhi, gari likiwa limepaki kama hivi, ilikuwa inakaa sifuri kabisa. Ndiyo tukajua ni nzima."

Alisema yote hayo bila ubaya wowote. Alikuwa ni mtu anayejibu alichoulizwa. Spesiosa, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amemtakia mambo mengi, aliona jambo hilo likimkera: kwamba binti huyu alikuwa na macho mazuri.

"Maneno ya mtoto," Castory alisema. "Desemba saa ilikuwa mpya. Mpya haiwezi kuwa mbovu."

"Sio mbovu," Spesiosa alisema. "Saa ni nzuri. Mzee, mwambie Baba Frida aligeuze gari."

"Aligeuze ili iweje?"

Spesiosa hakuzoea kusema maneno mengi mbele ya wanaume waliokaa. Alijifunga khanga upya kiunoni ili apate muda. Kisha akaeleza. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa fundi wa maboti Ujiji. Mjomba huyo alikuwa na pimamaji, lile la mbao lenye kioo na povu ndani, na hakuliamini. Akishaliweka kwenye ubao na kulisoma, analigeuza, mwisho huu uende kule, na kulisoma tena palepale. Likisema vilevile, sawa. Likisema vingine, pimamaji lenyewe limepinda, na ukweli uko nusu kwa nusu kati ya maneno yake mawili. Spesiosa alikuwa anashika taa wakati mjomba anafanya hivyo, na hata kibati alikifunga kwa njia hiyo: aliligeuza gari kwanza.

"Wekeni mawe kwenye tairi zote nne," alisema. "Ageuze gari, azirudishe tairi kwenye mawe yaleyale, pua iangalie kusini. Kama saa ni kweli, na hapa ni sawa kama alivyoona yeye, gololi itakaa sifuri tena. Kama mimi niliichezea, mtaona."

Walipenda neno hilo la mwisho. Waliweka mawe. Mzee Selestini alisogezwa mlangoni, akasomewa: sifuri. Madereva watatu wakahakikisha, mmoja baada ya mwingine, kwa uso wa watu wanaohesabu kura. Castory aliingia, akawasha, akaenda mbele, akarudi nyuma, akageuza, na kwa kuwa kuendesha anajua, tairi zilikaa kwenye mawe kwa mara ya kwanza.

Gololi ilikuwa upande wa kulia, kwenye kumi.

Dereva mmoja aligonga kioo cha saa kwa kidole, akidhani imekwama. Ilitikisika, ikarudi kumi.

"Uwanja huu umeinama kwenda ziwani," Spesiosa alisema. "Wote mnajua. Mvua ikinyesha hapa maji hayaendi Mwandiga. Baba Frida alibandika saa gari likiwa limelala tano kushoto, akaiambia hii ndiyo sawa. Tangu siku hiyo, kila gari likilala kushoto, saa inapunguza tano. Siku ile iliposoma ishirini, gari lilikuwa kwenye ishirini na tano. Zile tano alizojiwekea akiba alikuwa ameshazitumia tangu Desemba, hapa hapa, kabla hajawasha. Na ile ishirini na tano ya muuzaji nadhani ni ya gari tupu. Boksi halikuonyesha dagaa."

Castory alikuwa bado kwenye usukani. "Kumbe ndivyo ulivyoiharibu!" alisema. "Uliigeuza!"

Mzee Selestini alimgeuzia macho yale yasiyoona vizuri.

"Aliigeuza mwezi wa Machi," alisema taratibu, "ikaharibika Desemba?"

Castory akaiangalia saa, kisha akayaangalia mabenchi.

"Shuka, Baba Frida. Dereva wa miaka mingi hivi. Shuka."

Hukumu ilikuwa fupi, kwa sababu chakula kilikuwa kimefika. Spesiosa hana kosa na stendi ni yake kama ya mwingine. Castory hapandi mlima mpaka saa ibandikwe upya mbele ya watu. Bega la Dismasi ni la Castory. Na amwombe Spesiosa radhi.

"Samahanini," Castory aliwaambia watu.

"Hukuwakosea hawa," alisema Mzee.

Castory aligeuka nusu. "Mama Frida, samahani."

"Nimesikia," Spesiosa alisema.

Watu walingoja aongeze kitu. Hakuongeza. Wengi walimwona ana roho ngumu, na walimwambia hivyo baadaye, kwa nia njema, wakimega ugali kwenye sahani yake. Alikuwa ametoa shamba la michikichi, miaka kumi na sita na kiti. Neno samahani alilisikia vizuri, masikio yake ni mazima. Hakuona mahali pa kuliweka.

Castory alitoa saa kwenye dashibodi na kuishika mkononi. Alizunguka gari mara moja. Kisha akamjia Spesiosa pale alipokuwa amekaa na sahani, akasimama mbali kidogo.

"Sasa inabandikwaje?"

Spesiosa alitafuna, akameza. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemhukumu kusema. Madereva wangehangaika wakaibandika kwa kukisia, na siku moja kwenye kona fulani mtu mwingine angeona majani, kisha anga. Huyo mtu angeweza kuwa mama anayekwenda gulioni na mtoto mgongoni, ambaye hana habari na Castory wala na kadi yake. Hilo ndilo lililomkera zaidi kuliko yote: kwamba hata ukitaka kumwacha mtu na ujinga wake, amewapakia wengine.

"Na wewe sina maneno," alisema. "Nasema na anayekaa kushoto. Yunisi!"

Yunisi alikuja, akafuta mikono kwenye kitenge. "Abee, dada."

"Mimi si dada yako."

"Abee, Mama Frida."

"Ingia. Shika hiyo saa. Nikisema, unamwambia yeye. Na wewe Baba Frida, ukiambiwa na huyu, fanya."

Spesiosa alisimama dirishani upande wa kushoto. Alimwonyesha Yunisi namna ya kuibandika kwa muda, gololi ikiwa kwenye tano upande wa ziwa, gari likigeuzwa isome tano upande wa pili wa sifuri. Ikisoma hivyo pande zote mbili, imekaa kweli, na ndipo unakaza. Akamweleza pia habari ya tumbo la tairi, kwa sababu saa haijui umepakia nini. Yunisi alielewa mara moja. Aliuliza hata kuhusu madumu ya mawese kabla hajaambiwa.

"Mwambie ageuze."

"Casto, geuza."

Castory aligeuza. Tairi kwenye mawe. Gololi ilikuwa karibu, haikufika. Yunisi aliisogeza kidogo.

"Mwambie ageuze tena."

"Casto, tena."

Aligeuza. Abiria wa safari ya saa nane walikuwa wameanza kufika na mizigo yao, wakasimama kando kutazama. Mmoja aliuliza kama ni mafunzo ya udereva. Castory alikuwa anatoka jasho mpaka kola ya shati imelowa, maana gari lile halina pawa stelingi.

Mara ya tatu gololi ilisoma tano huku na tano kule, bila kupishana hata unywele. Yunisi akamwangalia Spesiosa, mkono kwenye skrubu, tayari kukaza.

"Bado," Spesiosa alisema.

"Lakini Mama Frida, mbona iko..."

"Mwambie ageuze tena."

Yunisi alimwangalia kidogo zaidi. Kisha akatoa mkono kwenye skrubu, akachungulia upande wa dereva.

"Casto," alisema, "amesema tena."

Aligeuza mara tisa.